Malori ya kampuni mbili yameungana, madereva tunagombea nani yuko juu. Naombeni ushauri

Katibu_Uyole:
Wakuu, habari za huko. Mimi ni katibu wa tawi la chama kwenye kampuni ya malori hapa Mbeya. Miezi mitatu iliyopita tuliunganishwa na kampuni nyingine ya Makambako. Sasa inatakiwa orodha moja ya madereva. Aliye juu anachagua kwanza gari jipya, safari za Lubumbashi zenye posho nono, na likizo ya Desemba. Wa mkiani ndiye anayetoka kwanza mzigo ukipungua.

Sisi tuko 64, wengi tumeanza kabla ya 2008. Wao 27, kampuni yao imeanza 2016. Wanachama wangu wanasema tarehe ya kuajiriwa, kwisha habari. Wenzetu wanakataa, na (hili siwezi kulitamka yadini) wana hoja. Gari zetu zilikuwa zimechoka, madereva 11 wamekaa nyumbani tangu mwaka jana wakisubiri simu. Wao wamekuja na gari mpya na mikataba ya mzigo. Leo dereva wao wa tatu arudi nyuma ya mtu asiye hata na usukani?

Chama kimependekeza mwamuzi wa nje. Watu wangu wanasema akituangusha tuhame tuanzishe chama chetu, wingi tunao. Nifanyeje?

Fundi_Hanga:
Kaka, mimi ni fundi wa ndege. Sinema yako marubani wa Marekani walishaicheza. Mwaka 2005 US Airways iliungana na America West. Wa US Airways walikuwa wengi na wakongwe, ila kampuni yao ilikuwa imefilisika na wengi walisimamishwa kazi. Wakadai tarehe ya kuajiriwa. Mwaka 2007 mwamuzi George Nicolau akawapa wakongwe wao nafasi 517 za juu, waliokuwa wamesimamishwa akawaweka mkiani, waliobaki akawachanganya kwa uwiano.

Wakawaka. 2008 wakakipigia kura chama chao, ALPA, kikatoka, wakaweka chao kipya, USAPA. Wakashinda kura, halafu? Kesi juu ya kesi. Kampuni moja, mikataba miwili, na hao hao walioshinda wakaendelea kurusha ndege kwa mishahara ya enzi za ufilisi. Orodha moja ilitoka 2016, wakiwa wameshaungana tena na American, na bado haikuwa ya tarehe tupu. Kuna waliostaafu wakiisubiri.

Mzee wa Kitonga:
Kamwene. Mnaongea kirahisi. Nimepanda Kitonga na semi bovu, tanboi kashika kigingi mkononi, ili kampuni isife. Leo kijana wa 2016 anitangulie kwa sababu tajiri wake alikopa gari mpya? Tarehe ya kuajiriwa haidanganyi.

Fundi_Hanga:
Shikamoo mzee. Wewe hata kwa Nicolau ungekuwa juu. Tatizo ni wale 11. Katibu, wenye gari kwako ni 53, kwao 27, kwa hiyo wawili wenu, mmoja wao. Wakongwe kumi muwaweke kileleni kabisa. Na safari zilizokuja na mikataba ya Makambako wazipige wao miaka mitatu, kisha ziwe za wote.

Dada_CMA:
Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, chama chenye wengi ndicho kinachojadiliana kwa niaba ya wote, hata wasio wanachama. Kwa hiyo mkihama mtajikuta mnawasemea hao hao 27, na mkiwakandamiza watakuja kwetu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Jingine mnalolisahau: barua zenu ziandike kwamba miaka ya kazi inaendelea kuhesabika. Kiinua mgongo ni angalau siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Aliyeanzishiwa mkataba mpya kimyakimya anaweza kuja kuambiwa aanze moja.

Katibu_Uyole:
Ndaga fijo. Hiyo ya barua sikuiwaza kabisa, kesho asubuhi niko ofisini kwa meneja. Kikao ni Jumamosi. Wale 11 nitawafuata mmoja mmoja kabla, nyumbani kwao, wasije wakalisikia la mkiani mbele ya watu. Wawili ni mashemeji zangu.

Mzee wa Kitonga:
Hao kumi wa kileleni, ungeandika kumi na tano.