Mrejesho: paka anayemganda mdogo wangu

Wakuu nimerudi, niliuliza nifanyeje paka wetu hapa Nkuhungu, Dodoma, anizoee na mimi: dagaa nanunua mimi ila anamganda dogo, mimi nikimshika anachomoka.

Mdau mmoja alisema niache kumbebabeba, nikae chini asogee mwenyewe, na akiniangalia nifumbe macho polepole nifumbue. Nilicheka, nikaona uchawi huo, kumbe watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza walishalipima 2020, na paka huwa wanajibu vilevile na kumsogelea zaidi anayewafanyia hivyo. Basi jioni nakaa kwenye mkeka nachambua mchele, simgusi. Juzi upepo wetu huu unabamiza mlango, jamaa akaja akanisugua shavu gotini (wana tezi pale, anakupaka harufu yake), akajilaza juu ya khanga yangu. Dogo kanuna balaa 😂

Aliyeuliza nilimpata akiwa na umri gani: nilimwokota soko la Majengo kashakua, na kitoto cha paka huzoea watu kirahisi zaidi wiki ya 2 hadi ya 7, kwahiyo uoga wake nauelewa. Usiku bado analala kwa dogo, hapo sijapaweza, mwenye mbinu alete.