Mnaogopa shoti, mnaua rangi: acheni kuosha magari ya umeme kama Canter ya mchanga

Wakuu, leo simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Gari la umeme la bei ya nyumba linaingia Masaki au Mbezi Beach likimeremeta. Baada ya miezi michache rangi imepauka, raba za milango zimechanika, sensa za bampa zinalia hovyo. Mwenye gari ukimuuliza anakujibu, "Haya magari hayataki maji." Si kweli! Makasha mengi ya betri yana kiwango cha IP67, yaani yamepimwa kwa kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Mvua ya masika hailitishi. Linaloliua ni ndoo moja, sabuni ya unga na fulana kuukuu iliyogeuzwa tambara. Na wauzaji nao: wanakabidhi funguo, wanapiga picha na mteja, basi. Skrini nzima iko kwa Kichina, neno moja kuhusu kuosha hakuna.

Cha kuchekesha, huyohuyo anayeogopa shoti ya betri ametandaza ekstensheni uani, soketi imelala kwenye dimbwi, mashine ya presha inanguruma na kijana yuko peku. Hapo ndipo umeme unapoua, voti 230 za ukutani. Mashine ichomekwe kwenye soketi yenye kinga ya RCD ya 30 mA (kifaa kinachokata umeme papo hapo ukivuja), maungio ya waya yaninginizwe juu yasiguse sakafu, na kijana avae mabuti ya raba. Hilo likikushinda, tumia mpira wa kawaida wa bustani. Gari litatakata tu.

Gari nalo lichomolewe kwenye chaji kabla ya tone la kwanza. Kuchaji mvua ikinyesha si tatizo, lakini kuelekeza maji ya kasi kwenye tundu la chaji huku plagi imo ni jambo ambalo Tesla wameliwekea onyo kabisa kwenye kitabu cha gari. Matone yakiingia tunduni wakati hakuna plagi, msipaniki. Kuna kijishimo cha kutolea maji. Acheni kifuniko wazi kivulini mpaka pakauke. Msichokonoe kwa pamba za masikio, msipulize WD-40, msielekeze kompresa kwenye pini. Na gari likigoma kuchaji kwa sababu limehisi unyevu, halijaharibika, linajilinda.

Sasa presha. Mashine za nyumbani nyingi zinasukuma bar 100 hadi 150, na vijana wanaibandika nozo karibu kabisa na rangi eti tope litoke haraka. Tesla wanataka angalau sentimita 30, na mimi nasema ongezeni iwe 50 kwenye raba, kamera, sensa za bampa na kingo za filamu ya kulinda rangi. Maji yakipata ukingo wa filamu yanaifunua, na palipopigwa na kokoto yanabandua rangi. Nozo nyeupe, ya nyuzi 40, ndiyo ya bodi. Ya kijani, nyuzi 25, ni ya matairi na ndani ya madigadi. Nyekundu na ile inayozunguka fungieni stoo. Wenye NIO ET7, ile lida (sensa ya leza) iliyo juu ya kioo cha mbele ioshwe kwa maji mepesi na kitambaa laini, si kwa mashine.

Kabla ya maji, lizimeni akili gari. Kwenye Tesla ingia sehemu ya Service kwenye skrini, washa modi ya kuoshea: inafunga vioo, inafunga tundu la chaji, inazima waipa na kengele za ulinzi. Inakubali gari likiwa limesimama na halichaji, na ukizidi kilomita 15 kwa saa inajizima yenyewe. Magari yasiyo na modi hiyo, zima waipa za otomatiki kwa mkono, funga milango, kisha ufunguo upeleke ndani ya nyumba, mbali. Ukiwa nao mfukoni vitasa vinachomoza na kurudi kila ukizunguka. Mbaya zaidi ni buti inayofunguliwa kwa kupitisha mguu chini ya bampa: ndoo ikipita pale, au mpira, buti inapaa na presha yako inaishia kwenye zulia.

Kuosha kwenyewe si uchawi. Kivulini, bodi imepoa, diski za breki zimepoa. Suuza vumbi lote kwanza bila kugusa. Povu: mililita 50 hadi 100 za shampuu ya gari isiyo na ukali, jaza maji kwenye chupa ya lita moja, pulizia, ngoja dakika 3 hadi 5 lisikaukie, suuza. Ndipo uguse. Ndoo mbili za lita 15 au 20, moja ya shampuu, moja ya kusuuzia glavu, zote zina wavu chini ili mchanga ubaki huko. Anza paa, shuka, sehemu za chini za milango ziwe za mwisho. Rimu zina ndoo na glavu zake. Vile viduara kwenye rangi unavyoviona usiku chini ya taa ya kituo cha mafuta ni mchanga uliozungushwa kwa mkono wa kijana wako, na sabuni ya unga imeondoa nta iliyokuwa ikisaidia kulinda klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi.

Wa pwani tunaotumia visima, maji ya chumvi yasikaukie kwenye bodi hata mara moja. Osha paneli mojamoja, na suuza ya mwisho iwe ya maji ya bomba au ya mvua kutoka simtanki, kisha kausha papo hapo kwa taulo kubwa la maikrofaiba, kwa kulilaza na kulivuta taratibu. Kinyesi cha kunguru usikisugue. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika chache, kinyanyue.

Na huu upuuzi wa kupuliza dizeli au oili chafu chini ya gari! Mafuta yanavimbisha raba za bushi na kukamata vumbi. Tena kasha la betri lina vali za kupumulia zenye utando mwembamba. Ukiziziba kwa oili, umeziharibia kazi yake. Chini ni maji ya kawaida tu, kwa mbali.

Breki ndizo zinazosahaulika. Porsche wanasema kwenye Taycan, gari lao la umeme, takriban asilimia 90 ya breki za kila siku zinafanywa na mota, diski hazisuguliwi sana. Kwa hiyo diski zikilowa na gari likaegeshwa, zinashika kutu na pedi zinaganda. Ukimaliza kuosha, endesha kidogo na ukanyage breki kwa nguvu mara kadhaa, kwa usalama. Kugusa kidogo hakutoshi kwenye Taycan, mota itafanya kazi yote.

Jibu: Mkuu umenena. Ila hujagusa mbele. Tukifungua boneti tunaoshaje?

Mleta uzi: Hamuoshi, ndugu yangu. Hamna injini mle ya kutoa grisi. Kuna zulia la buti ya mbele, mara nyingi betri ndogo ya voti 12, vidhibiti, na njia ya hewa ya kabini. Kitambaa chenye unyevu, basi. Mercedes walijua tabia zetu: boneti ya EQS mteja haifungui kabisa, maji ya waipa yanajazwa kwenye kifuniko cha fenda ya kushoto.

Jibu: Naongezea kwa wenye Taycan yenye vifuniko vya chaji vya umeme. Ukipitisha glavu kwenye sensa yake kifuniko kinafunguka, hivyo funga gari kwanza. Na mwenye rangi isiyong'aa asiguse nta wala polishi, mng'ao ukishaingia hapo hautoki.

Jibu: Madoa meupe ya maji ya kisima yaliyokwishakauka je?

Mleta uzi: Siki nyeupe nusu, maji safi nusu, kwenye kitambaa. Dakika moja, suuza kwa maji mengi. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Yasipotoka, doa limeshakula klia, mpelekee fundi wa polishi na uandae hela.