Naomba ushauri: nadharia ipi ya asili ya mwezi ichorwe kwenye ukuta wa shule?

Mwalimu wa Makorora: Wanajamvi, salaam. Ninafundisha sayansi hapa Tanga mjini, na klabu yetu inaandaa maonesho ambayo wazazi na ofisa elimu wataalikwa. Tunataka kueleza asili ya mwezi, lakini nimekutana na nadharia nne zinazopingana: kwamba ulimeguka kutoka duniani, kwamba ulinaswa na mvutano wa dunia ukiwa unapita, kwamba viwili hivi viliumbika pamoja, au kwamba dunia iligongwa na sayari changa. Usingizi umenipaa. Je, kuna ubaya wowote nikichagua ile ya kwanza?

Bamvua: Mwalimu, sisi wavuvi tunaujua mwezi kwa maji yake. Bamvua likiingia, marehemu babu alitupeleka mwambani kutafuta pweza, na hakuna aliyeuliza mwezi umetoka wapi. Ila nilisikia redioni kwamba unatukimbia sentimita 3.8 kila mwaka.

Binti Chumbageni: Ni kweli, kaka Bamvua, hupimwa kwa miale ya leza inayorudishwa na vioo ambavyo wanaanga wa Apollo walianza kuviacha huko mwaka 1969. Mwalimu, inayokubaliwa na wengi ni nadharia ya mgongano, iliyotolewa na William Hartmann na Donald Davis mwaka 1975. Gimba lenye ukubwa wa Mirihi, ambalo baadaye lilipewa jina la Theia, liliigonga dunia changa yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita, na vifusi vilivyoruka vikajikusanya vikawa mwezi. Ndiyo maana mwezi una chuma kidogo mno, kwa kuwa chuma kilikuwa kimekwisha kuzama kwenye viini, na kilichorushwa kwa wingi ni miamba ya juu. Lakini mbona umeitetea ile ya kwanza kabla haijashambuliwa? Kuna jambo hujatueleza.

Mwalimu wa Makorora: Dada, umenibana. Ukuta umekwisha kuchorwa. Fundi wa Ngamiani anayepamba mashua ameichora dunia ikiwa na shimo la buluu mahali pa Bahari ya Pasifiki, na mwezi ukichomoka humo, kwa rangi iliyonunuliwa kwa michango ya wanafunzi. Hata hivyo sioni kwamba nimepotoka. George Darwin, mwana wa Charles Darwin, ndiye aliyefundisha kwamba mwezi ulimeguka, na Osmond Fisher akaongeza mwaka 1882 kwamba bahari hiyo ndiyo kovu. Tena oksijeni iliyomo katika mawe ya Apollo inafanana mno na ya dunia. Kama mwezi ni mabaki ya mgeni, mbona una damu yetu?

Mzee wa Pangani: Mwanangu, michango ni amana; mtu huuliza kwanza, ndipo akachora. Nilipokuwa kwenye kamati ya shule tulichora ramani ya nchi tukaisahau Pemba, na mzazi mmoja wa huko hakutusemesha mpaka ilipoongezwa.

Chumvi Kali: Uzi huu ni wa kutunga. Mwalimu anayemjua Osmond Fisher atakosaje kujua kwamba karibu sakafu yote ya Pasifiki haijafikisha miaka milioni 200? Kovu limezaliwaje baada ya mwezi kwa mabilioni ya miaka? Na huyo fundi wa mashua simjui.

Bamvua: Fundi yupo. Alinichorea papa kwenye ngalawa, akampa masikio.

Mwalimu wa Makorora: Situngi. Ukuta unatazama uwanja wa mpira. Rangi nyeupe iliisha kabla upande wa kushoto wa mwezi haujakamilika, ukamaliziwa kwa chokaa, nayo imeanza kubanduka. Ila hoja yangu ya oksijeni hakuna aliyeijibu.

Binti Chumbageni: Naijibu. Mwaka 2012 zilitoka tafiti mbili: moja ilionesha kwamba dunia iliyokuwa ikijizungusha kwa kasi kubwa, siku yake ikiwa ya saa mbili au tatu, ingegongwa na kurusha miamba yake yenyewe; nyingine ilidai kwamba magimba mawili yanayokaribiana kwa ukubwa yangechanganyika kabisa. Kasi hiyo ilipungua vipi baadaye ndipo penye ubishi mpaka leo. Kwa hiyo usifute ukuta. Fundi aongeze gimba la pili, na shimo la buluu alipake rangi ya moto, kwa sababu mgongano huo uliyeyusha miamba na hakukuwa na Pasifiki.

Mwalimu wa Makorora: Gimba nitaliongeza. Shimo litabaki la buluu, kwani ofisa elimu amekwisha kulisifu.

Chumvi Kali: Ofisa elimu yupi? Si uliandika kwamba ataalikwa?