Mjadala: Posho ya misheni, sehemu iingie moja kwa moja kwa mke?

Ndugu zangu wa Tabora, mji wetu una kambi na wengi tuna kaka, shemeji au jirani aliyewahi kwenda misheni ya kulinda amani: Darfur, Lebanoni, na hasa Kongo, ambako Tanzania ilipeleka askari kwenye brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2013. Ndoa ikivunjika baada ya hapo tunalaumu umbali. Mimi nabisha. Hapa Isevya naona ugomvi unaanzia kwenye hela. Posho inatumwa kwa kaka wa mume, mke anakwenda kuomba hela ya unga na daftari kwa shemeji. Mume akirudi anakuta kiwanja hakina hata tofali. Kaka anasema mke kala, mke anasema hajaona kitu. Maneno ya wivu yanafuata hapo.

Umoja wa Mataifa, kwa sehemu kubwa, hurudisha gharama kwa serikali iliyotuma askari, nayo serikali ndiyo humlipa. Basi kabla hajaondoka ajaze fomu, sehemu iingie akaunti ya mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mume amtunze mkewe kwa kadiri ya uwezo wake, awe kambini au Beni kule Kongo. Mnasemaje?

Mstaafu, Cheyo: Binti yangu, nakupinga. Ile ni hela ya roho mkononi. Desemba 2017 kule Semuliki, Kongo, tulipoteza vijana wasiopungua 14 kwa shambulio moja. Aliye hatarini ndiye apange. Namjua askari aliyemwachia mkewe kadi ya benki. Karudi, nyumba imefungwa, watoto wako kwa bibi yao Urambo.

Mwanzisha mada: Shikamoo baba. Vijana wale nchi nzima iliwalilia. Lakini huyo aliacha kadi nzima, mimi nasema sehemu tu. Na mume asiporudi, huyo mke ataanzia wapi kama hata akaunti hana?

Mke wa askari: Dada, mimi hela nilikuwa napata, tena kwa wakati. Kilichonishinda ni aliporudi. Usiku halali, akisikia bati linagonga anaruka, nikimuuliza ananyamaza. Mimi nikajua kuna mwanamke huko, tukagombana miezi. Hakuna aliyeniambia kwamba vita humfanya mtu hivyo.

Mwanzisha mada: Mdogo wangu, hilo naliongeza kwenye hoja: wake waitwe kambini waelezwe kabla waume hawajarudi. Mstaafu, hili nalo unalipinga?