Yule bwana wa rimoti ameniulia Ben kwa spidi mara nane

Wakuu, natoka huko sasa hivi, hata viatu sijavua. Mikono inatetemeka, kwa hiyo mtanivumilia herufi zikiruka.

Jina sitaji kwa sababu mnamjua. Kila aliyewahi kukanyaga kile chumba chetu cha muvi cha Jumamosi anamjua. Yule ambaye rimoti ikishafika mkononi mwake haitoki tena, anakula nayo, anapokelea nayo simu, akienda msalani anaondoka nayo mfukoni kama vile ni kitambulisho cha mpiga kura. Huyo huyo. Sihitaji kuongeza.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kuchagua. Wiki tisa nimeisubiri. Nimekaa kwenye lile benchi linalotoboa suruali nikaangalia muvi za watu wengine bila kulalamika, hata ile ya nyoka wa plastiki niliitazama mpaka mwisho. Zamu yangu ikafika nikaja na Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968, ile ya wafu wanaofufuka kula watu, steringi wake ndiye Ben. Nimeiona mara kumi na mbili na bado kila nikiirudia kuna mahali napata kitu kipya. Na si ya wizi. Walipobadilisha jina lake dakika za mwisho, maana mwanzo iliitwa Night of the Flesh Eaters, lile tangazo la hakimiliki likaachwa nje, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya kila mtu. Yaani ni yangu, ni yako, hata yule bwana ni yake, kama angejua kuitunza. Nikatafuta nakala safi kuliko zote, nikamaliza bando la usiku mara mbili kuishusha, nikaiweka kwenye fulashi mpya.

Akaipokea ile fulashi kwa vidole viwili kama mtu aliyekabidhiwa panya aliyekufa.

Taa zikazimwa. Gari linakuja taratibu kwenye ile barabara ya kwenda makaburini, mawingu, upweke, na mimi moyo unadunda kama naiona mara ya kwanza. Bwana akapaza sauti: "Vipi, rangi imekwisha?" Chumba kizima kikacheka. Nikanyamaza. Maiti wa kwanza akatokea makaburini: "Huyu babu anafuata pensheni?" Wakacheka tena. Nikanyamaza. Akapigiwa simu, akapokea, akaongea habari za mabati kwa sauti ya mnadani. Nikanyamaza. Karanga nazo akazitafuna karibu na sikio langu mpaka nikawa nasikia zinavyosagika. Yote hayo nilimsamehe, Mungu shahidi.

Sasa njooni mwishoni.

Ben ameshapigilia mbao usiku kucha. Wenzake wote wamekwisha. Amebaki peke yake kule chini, ndani ya stoo ile ile aliyogombana na watu kwamba hataingia. Asubuhi imefika. Anasikia mbwa, anasikia bunduki, anajua hao ni watu, ni wazima, wamekuja. Anapanda ngazi hatua kwa hatua, bunduki mkononi, anatokea sebuleni, anasogea dirishani. Mtu mweusi ameushinda usiku ule wote. Mimi hapo huwa sipumui. Mara ya kumi na mbili na bado sipumui.

Bwana akasema, "Aah, hii imeisha hii," akabonyeza.

Kwenye kona ya kioo vikatokea vile vishale viwili na x8. Wakuu, mara NANE. Ben akaanguka kama nzi aliyepigwa na gazeti. Zile picha za mwisho, zile za mnato zenye chenga kama zimekatwa gazetini, wale wanaume na kulabu zao za nyama wakimkokota Ben kwenda kuchomwa pamoja na wafu, zikapita pru pru pru kama mtu anachanganya karata. Nilikuwa bado nimenyanyua mkono kumzuia, taa zikawashwa.

Halafu akageuka kuniangalia MIMI, mbele ya watu wote: "Muvi gani hii steringi anakufa?"

Ndiyo muvi yenyewe hiyo! Steringi kufa ndiyo muvi! Aliokoka kwa wafu, akauawa na wazima waliomwona kwa mbali na hawakuuliza! Duane Jones alipewa nafasi ya Ben kwa sababu alifanya vizuri kuliko wote kwenye majaribio, kwenye maandishi hapakuwa na neno lolote kuhusu rangi ya mtu. Na Aprili 1968 Romero yuko barabarani anaipeleka New York kutafuta wa kuisambaza, redio inatangaza Martin Luther King amepigwa risasi. Unaangalia zile picha za kulabu huku unalijua hilo, taratibu, moja baada ya nyingine, nywele zinasimama. Hazikutengenezwa zipite mara nane.

Dakika zilizobaki hazikuzidi tano. Alikuwa anawahi wapi? Baada ya hapo kaweka mpira wa marudio ambao matokeo yake yanajulikana tangu Jumatano!

Mara nane, jamani. Hata mara mbili ningesema labda kidole kimeteleza.

—

Kipusa wa Kigogo: Nilikuwepo. Nathibitisha. Na mimi sikumwona Ben akianguka, niliona tu kitu kimelala.

Bundi Mchana: Mkuu pole. Ila umelia? Sema ukweli, ulilia pale? Mtu mzima unalilia muvi ya mwaka 68.

Mleta uzi: Bundi Mchana, nililia mara ya kwanza kuiona na sioni aibu. Leo sikupata nafasi ya kulia, machozi hayaendi mara nane.

Kobe Express: Nimekaa paleee nasubiri mwenye rimoti aje ajitetee.

Fundi Deki: Hawezi kuja, simu ameshikia mkono wa kushoto na wa kulia una rimoti.

Mchafukoge: Sasa si ungetafuta ile ya rangi? Ipo. Waliipaka rangi miaka ya themanini, mazombi ya kijani kabisa kama mchicha. Bwana angeielewa.

Mleta uzi: Usinipandishe presha, Mchafukoge. Ile ya 1986 ndiyo hiyo hiyo ya Romero wamemwagia rangi juu. Ile nyeusi na nyeupe ndiyo inayokufanya uamini kwamba unaangalia taarifa ya habari. Unajua damu yao ilikuwa nini? Sharubati ya chokoleti! Kwenye nyeusi na nyeupe inakuwa damu kweli kweli. Kwenye rangi ingekuwa chai ya kakao. Na hao "mazombi" unaowataja, hilo neno halitamkwi hata mara moja ndani ya filamu ile. Mngelijua hilo kama mngeachwa muisikilize, siyo kusikiliza habari za mabati.

Shangazi Moto: Nyie mnalia muvi kupelekwa mbele, mimi nalia isipopelekwa. Mume wangu kila Ijumaa ni Evil Dead. Ile ile ya 1981. Kila Ijumaa! Mti unamkamata yule binti, mkono unatoka ardhini, na yeye ananiambia "mama watoto, ona hapa kamera inavyokimbia, walifunga kwenye ubao wakakimbia nao porini." Nimeambiwa habari za ubao huo mara mia. Mwanangu wa miaka mitano sasa haendi chooni usiku bila mimi. Nani atanifungulia uzi mimi?

Kobe Express: Shangazi, mume wako nimemwelewa. Huyo kijana Raimi aliyeiongoza alikuwa na miaka kama ishirini tu walipoingia kwenye kile kibanda kule Tennessee. Ubao ule ni wa heshima.

Shangazi Moto: Njoo umchukue basi, na ubao wake.

Pwani Usiku: Afadhali huyo anaonyesha kamera. Nina binamu yangu, ukiweka Halloween tu, kabla muziki haujakolea anakwambia "ile barakoa ya muuaji ni ya Kapteni Kirk wa Star Trek, walinunua dukani wakapaka nyeupe." Tunajua! Tumejua tangu mwaka juzi! Sasa huyo muuaji Michael Myers akitokea gizani hofu yote imenitoka, namwona Kapteni Kirk tu.

Bundi Mchana: Kumbe ni Kapteni Kirk??

Pwani Usiku: Mnaona sasa.

Msimulizi wa Kale: Tatizo la nyie vijana mnaangalia kavu kavu. Muvi ya kutisha bila msimulizi ni ugali bila mboga. Enzi za Lufufu, yule aliyekuwa akizisimulia muvi kwa Kiswahili, mtu hakuthubutu kugusa kitufe cha kupeleka mbele, maana ukipeleka mbele utakosa maneno yake. Angekuwa yeye amesimulia hiyo ya Ben, hata huyo bwana wa rimoti angeiacha iende.

Nairobi Kivyake: Na DJ Afro, msimulizi wa Kenya, je? Msisahau majirani.

Msimulizi wa Kale: DJ Afro namheshimu. Lakini Lufufu ni Lufufu.

Fundi Deki: Mimi wasimulizi nawalaumu wao kwanza! Wao ndio waliotuzoesha muvi kusemewa juu kwa juu. Ben anapanda ngazi pale mleta uzi anasema hapumui, mtu akiingiza "oyaa steringi huyooo anakuja na chuma chake!" hofu itakaa wapi? Nilitazama Texas Chain Saw Massacre ya 1974 ikiwa na msimulizi, nikamaliza nacheka. Muvi ambayo damu yenyewe ni kidogo mno, vitisho vyote viko kwenye kelele ya ule msumeno na yale macho ya yule dada pale mezani, halafu mtu anaongea juu ya msumeno!

Nairobi Kivyake: Lakini ile ya Uganda, Who Killed Captain Alex, bila msimulizi wake VJ Emmie ni nini? Haitazamiki. Nabwana alitengeneza pale Wakaliga, Kampala, 2010, kwa pesa ndogo kuliko harusi ya mtu, na dunia nzima inaangalia, na nusu ya raha ni VJ anavyopiga kelele. Kuna muvi za kimya na kuna muvi za VJ.

Fundi Deki: Hiyo ni ya vita, siyo ya kutisha.

Nairobi Kivyake: Bajeti yake inatisha.

Mleta uzi: Wakuu samahani, turudi kwenye mada. x8. Vishale viwili. Mbele ya watu kumi na moja.

Mchafukoge: Mkuu tumeshakusikia. Wiki ijayo ni zamu yangu, naleta Zombi 2 ya yule mwongozaji wa Italia, Fulci. Zombi anapigana na papa chini ya maji. Papa wa kweli. Hapo nani atapeleka mbele?

Kipusa wa Kigogo: Mbona inaitwa 2, ya kwanza iko wapi?

Mchafukoge: Ya kwanza ni ya Romero huyo huyo wa mleta uzi, Dawn of the Dead, Italia waliiita Zombi. Waitalia wakaona imeuza, mwaka 1979 wakatoa ya kwao wakaiita 2. Hawakumuuliza mtu.

Bundi Mchana: Hao Waitalia si ndio waliopelekwa mahakamani ikabidi walete waigizaji waonekane kuwa wako hai?

Mchafukoge: Huyo ni mwongozaji Deodato, na muvi yake Cannibal Holocaust ya 1980. Ile siipendekezi kwa mtu. Wanyama mle waliuawa kweli, kobe yule mpaka leo sijamsahau.

Kobe Express: Na mimi sijamsahau. Tuishie hapo tafadhali.

Pwani Usiku: Leteni Blacula basi. 1972, William Marshall, mwana wa mfalme kutoka Afrika anaitwa Mamuwalde anaenda kwa Dracula kuomba amsaidie kukomesha biashara ya utumwa, anang'atwa, anafungiwa kwenye jeneza. Sauti ya yule baba, mnaweza kuweka kichwa juu yake mkalala.

Shangazi Moto: Hiyo nitakuja. Mume nitamwacha na ubao wake.

Kipusa wa Kigogo: Za nje za nje tu. Mimi zilizonilaza na taa ni za hapa hapa. Nsyuka ya Mussa Banzi! Nani alilala? Nilihama chumba nikaenda kulala na bibi.

Bundi Mchana: Usinikumbushe. Na Shumileta je. Kuna kipindi ukikutana na dada mzuri njiani saa moja jioni unaanza kumwangalia miguu kwanza.

Msimulizi wa Kale: Hizo watu walikuwa wanajaa kibanda umiza mpaka wengine wanachungulia kwenye matundu ya bati.

Mleta uzi: Mimi bado niko kwenye lile dirisha la Ben.

Kipusa wa Kigogo: Kuna mwenye Shumileta zima zima? Yangu CD ya pili imechanika katikati, inaishia pale pale kwenye utamu.

Fundi Deki: Ninayo. Iko kwenye boksi kwa mama, Mbagala. Una kitu cha kuchezea CD lakini?

Kipusa wa Kigogo: Sina. Wewe si fundi?

Fundi Deki: Nina deki ya mkanda. Ya CD nilimuuzia mtu mwezi wa tatu, hajamaliza kunilipa. Na huyo naye yumo humu humu, anasoma.