Vidudu vya kijani kwenye tungule, nipige dawa au niviwache?
Asalam alaykum jamani, naomba ushauri. Mie nalima tungule na mabilingani hapa Konde, Pemba, mwezi uliopita nzi weupe walijaa mpaka ukitikisa shina wanaruka kama vumbi, sasa wamepungua wenyewe wala sijapiga dawa (pesa yenyewe iko wapi). Ila nimeona vidudu vyembamba vya kijani, miguu mirefu, ukivigusa vinakimbia, nikasoma vinaitwa Nesidiocoris, vinafyonza mayai ya nzi weupe na ya kantangaze (yule nondo mdogo ambaye viwavi vyake huharibu tungule) lakini vikikosa chakula vinageukia mmea wenyewe. Na kweli naona pete za kahawia kwenye vikonyo na maua yanapukutika. Sasa nikipiga dawa si nzi weupe watarudi? Mlokutana navyo mlifanyaje?