Naomba ushauri: kuwashirikisha wakulima wa viazi kwenye utafiti wa programu ya simu

Habari wakuu. Tuko wachache hapa Mbeya, tunatengeneza programu ya kukadiria mavuno na bei ya viazi mviringo kwa wakulima wa Umalila. Upande wa kompyuta hautusumbui. Tunakwama kwa watu wenyewe.

Tukiitisha kikao na mwenyekiti yupo, wanaume ndio wanaongea. Kina mama, ambao ndio wanachambua mbegu, wanaitikia tu. Fomu ya ridhaa inasainiwa kabla haijasomwa. Halafu mzee mmoja akaniuliza: "Mwanangu, dalali akijua nina gunia ngapi ndani, si atanipangia bei?" Nilikosa jibu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na zisizidi mahitaji, sawa. Ila simu moja inatumiwa na nyumba nzima, ridhaa nichukue ya nani? Na je, nikae na wanawake peke yao, au nimfuate kila mmoja shambani na michoro ya karatasi kabla hatujaandika programu? Mimi naegemea shambani, japo mvua za huku mnazijua. Aliyewahi kufanya hivi vijijini naomba anielekeze, hasa kama anajua Kimalila.